Picha ya Kitandani kwa Babra

Dada, Babra ana mimba! Imeingia miezi minane, na Jumatano daktari atampasua, na nimeogopa mpaka kalamu inateleza mkononi.

Haya, nimesema. Nimeandika, yaani. Sasa ngoja nipumue, ndipo nikusalimu kama mtu aliyelelewa.

Kwa dada yangu mpenzi Nabwire, mulembe sana. Habari za huko Bungoma? Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya mvua? Na shemeji Wandera, bado anabishana na redio? Nasikia mahindi yamekubali mwaka huu, Mungu ashukuriwe. Sisi hapa Kawempe tunakula, tunalala, tunaamka. Mzee wangu Ogwang bado yuko kazini kwake Luzira, kwenye magereza, anakuja nyumbani siku za mapumziko, naye anakusalimu. Siku hizi anapiga pasi shati lile lile mara mbili, halafu analitundika na kulitazama. Mtu aliyelinda majambazi ujana wake wote, sasa hawezi kuangalia blanketi la binti yake. Basi ijue hali yetu.

Najua umeudhika. Najua unasema, Nakhisa, wewe ambaye ukinunua sufuria mpya mpaka Bungoma tunasikia kifuniko chake, umewezaje kunyamaza miezi yote hiyo?

Dada, mimi mwenyewe najishangaa. Unanijua. Babra alipopata cheti cha uhasibu nilikibeba kanisani nikasema nataka kasisi akibariki, kumbe nilitaka safu ya mbele waone muhuri. Alipoolewa na Okullo nilihakikisha kila mlango wa ua wetu umejua kwamba mkwe wangu ni mwanajeshi mwenye cheo, na cheo chenyewe nilikiongeza kidogo. Kujisifu ndiyo chumvi yangu, bila hiyo sioni ladha ya chakula. Lakini ile mimba ya kwanza niliitangaza ikiwa changa kabisa, nikanunua na shali, nikaionyesha watu, ikatoka. Ya pili niliwaambia akina mama wa kanisa peke yao, ikafika mbali kidogo, nayo ikatoka. Hapo jirani yetu Joska, yule bibi Mwacholi, mjane wa polisi, alinikalisha chini akaniambia bila kuzunguka kwamba tumbo halisalimiwi mpaka lenyewe lisalimie watu, na kwamba mdomo wangu ni mlango usio na komeo. Nililia, halafu nikafunga mdomo.

Hii ya tatu haijatoka mdomoni mwangu hata siku moja. Si kwa kasisi, si kwa simu, si kwako. Ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Joska alikataza mdomo, hakukataza mkono. Nimelifikiria sana jambo hilo na naona niko salama, ingawa kila upepo ukigonga bati naacha kuandika na kusikiliza chumba cha Babra.

Mimba ilipofika katikati, walimpiga picha ya tumbo hospitali. Daktari akasema kondo la nyuma limekaa chini, limelala mlangoni kabisa, pale mtoto anapotakiwa kupita. Alisema Babra akitembeatembea, akiinua ndoo, damu inaweza kumwagika ghafla ikaondoka na wote wawili. Alilitamka hivyo hivyo, kama mtu anayekuelekeza njia ya posta. Akaamuru alale. Okullo yuko kambini Moroto, hawezi kumtunza, basi tukamleta hapa kwetu, tukampa chumba cha mbele chenye dirisha. Watu tukawaambia ana mgongo.

Lakini huyu Babra amekufuata wewe. Anaweza kutulia? Siku moja nilitoka bombani nikamkuta amepiga magoti anapiga deki. Nilipiga ukelele mpaka kuku wakapanda ukuta. Alinijibu eti sakafu ilikuwa inamtazama vibaya. Nikamwambia sakafu haina macho, mwenye macho ni mimi, na nikimkuta chini tena nitamfunga kitandani kwa leso.

Kilichotuokoa ni soko la Owino. Nilikwenda kutafuta mashuka ya mitumba, nikakuta mwanamke amefungua belo la vitu vya watoto, na ndani mna mifuko ya kavera, ile ya plastiki, iliyojaa vipande vya karatasi ngumu, vimekatwa vina masikio na vishimo. Akaniambia ni pazo, mchezo wa Wazungu, unaunganisha vipande mpaka picha itokee. Nikamwuliza picha ya kuigiza iko wapi. Akacheka, akasema picha ilibaki Ulaya pamoja na boksi lake, huku vimesafiri vipande tu, mama, nunua ndipo ujue umenunua nini. Nikachukua mifuko miwili, mmoja mdogo na mmoja mzito kama mtoto wa mbuzi.

Babra alinicheka. Aliniuliza kama nimemletea na chuchu ya kunyonya. Lakini alimwaga vile vipande kwenye sinia, akavigeuza uso juu, akaanza kutafuta vyenye ubavu ulionyooka, nami nikaenda kupika maharage. Maharage yakaiva. Maharage yakapoa. Babra hajainuka. Dada, nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikamwombea baraka huyo Mzungu nisiyemjua aliyetupa mchezo wake.

Na usidhani ni wa kitoto. Unaanza na kingo, kama anayejenga boma kabla ya nyumba. Kisha unagawa kwa rangi. Mabakuli yangu yote ya uji yalihama jikoni, hili la nyekundu, hili la kijani, hili la vitu visivyojulikana. Kwa kuwa hatuna picha ya kutazama, kila mtu anabuni yake. Kulikuwa na kitu cheupe tukabishana siku nzima kama ni mbuzi au ni padri, kikaja kuwa wingu. Kipande kikipata mahali pake kinalia kidogo, tk, na moyo nao unakaa. Kwa dakika hiyo hofu inakosa kiti.

Na Babra! Niache nijisifu hapa, maana pengine pote nimezuiwa. Anachukua kipande cha bluu tupu kati ya mabluu matupu, anakizungusha vidoleni akiongea mambo mengine, anakiweka, tk. Obonyo alisema hajaona macho kama hayo hata kwa mafundi wa Katwe. Si mimi niliyesema, ni Obonyo.

Obonyo ni mpangaji wetu, Mjaluo, anafua mabati huko Katwe. Watu walianza kuingia mmoja mmoja namna hiyo. Séraphine, fundi cherehani wetu Mkongo wa mlango wa tatu, alikuja kurudisha chekeche, akakaa mpaka jioni. Joska alikuja kusali, akasali jicho moja limefumbuka linatafuta kona. Obonyo alichungulia dirishani, akacheka sinia letu, akasema hiyo ni kazi ya watu wasio na fundi. Baada ya siku chache akaleta meza ya bati, miguu mifupi, kingo zimekunjwa juu vipande visianguke, imekatwa nusu mwezi upande mmoja ili ipite juu ya mapaja ya Babra bila kumgusa tumbo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna tumbo. Aliiweka, akaitikisa kuona kama imesimama sawa, akauliza bluu ziko bakuli gani.

Sheria zikazaliwa zenyewe. Chai haipiti juu ya meza. Anayelazimisha kipande kisichokaa anakwenda kuchota maji. Obonyo amechota maji sana; Joska humwambia pazo si sufuria, huwezi kuipiga nyundo ikakubali, naye humjibu kwamba bibi akae kimya, tangu asubuhi ameshika kipande kimoja kama tiketi ya basi. Na kwa kuwa tumbo halisalimiwi, wakawa wanasalimu picha. Séraphine akiingia anauliza, picha imelalaje? Babra anajibu imelala vizuri, imecheza kidogo alfajiri. Kila mtu anaangalia bakuli lake, na kila mtu anatabasamu.

Mfuko mdogo uliisha mimba ikiwa na miezi sita. Ikatokea bustani yenye daraja, na sisi tulikuwa tumeapa kwamba ni soko. Séraphine aliweka kipande cha mwisho, tukapiga vigelegele, na kwa furaha Babra akasahau. Alishuka kitandani. Alicheza, dada, akatoka mpaka uani akiita watu waje waone, na sisi wajinga tukamfuata tukipiga makofi. Jioni ile nikaona shuka.

Sitaki kuandika rangi yake. Obonyo alimbeba, jirani akatoa gari, mimi nikaishikilia miguu yake juu njia nzima nikiomba kwa Kibukusu, maana Kiswahili chote kilinikimbia. Hospitali waliwahi. Walinisikilizisha moyo wa mtoto kwenye mashine, unapiga haraka kama mtu anayetwanga karanga kwenye kinu kidogo. Daktari akasema safari hii tumebahatika, ikirudia huenda tusiwahi. Tangu siku hiyo, Dada, kila Babra akiita Mama, hata kama anataka maji tu, naangusha nilichoshika na kukimbia.

Tuliporudi akaufungua mfuko mkubwa. Huu ulikuwa wa kazi. Maji mengi, milima, na mji mdogo wenye mapaa mekundu. Watu wakarudi kukaa, lakini sasa kwa sauti ya chini. Na hapo ndipo vipande vilipoanza kupotea. Leo paa halina ncha yake, kesho mlima una tundu. Tukatafuta chini ya godoro, tukakung'uta blanketi, tukapekua ufagio. Obonyo akasema haina shida, yeye atakata vipande vya bati vyenye umbo lile lile na kuvipaka rangi, picha itaisha kabla ya mwezi kuisha. Nikamwambia bati litashika kutu. Akaniuliza, Mama Babra, kutu kitandani? Nikamwambia ndiyo, kutu kitandani, na asilete bati lake.

Joska ndiye aliyeharibu. Siku moja alimtazama Séraphine, ambaye huvaa aproni yake ya kushonea yenye mifuko mikubwa, akasema mbele ya watu kwamba wengine mifuko yao ina njaa. Séraphine akauliza anasemwa nani. Joska akajibu kwamba aliyekanyaga mwiba ndiye anayechechemea. Séraphine akasimama, akageuza mifuko nje mmoja mmoja juu ya meza. Vikatoka vifungo, nyuzi, chaki na karanga chache. Akaokota vitu vyake, hakuacha hata karanga moja, akatoka, na hakurudi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Babra alinitazama, nikajifanya natafuta kipande.

Dada, vile vipande niliviiba mimi.

Nilikuwa nikiinama kumfunika miguu, nachukua kimoja, nakitia kwenye mkanda wa vazi langu la gomesi. Vyote niliviweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Mwanzoni nilijiambia, picha isipoisha hataruka kitandani, asiporuka damu haitashuka. Ilikuwa akili hiyo. Lakini baadaye ilipita akili. Nilianza kuamini kwamba picha na mtoto ni kitu kimoja, kwamba siku tundu la mwisho litakapozibwa ndipo nitakapoona shuka tena. Mimi, mtu wa kanisa! Nikawa naamka na kuhesabu matundu kabla ya kusali. Hofu haisomi Biblia.

Jumanne wiki hii tulikwenda kwa daktari. Kondo halijasogea. Amesema hawezi kungoja uchungu uanze wenyewe, Jumatano ijayo asubuhi atampasua, na kwamba wanawake wa namna hii hupoteza damu nyingi mezani. Akaangalia kundi la damu ya Babra, akauliza kama tuna ndugu wa kundi hilo, maana ni la wachache na akiba yao imepungua. Mungu anisamehe, aliposema ni la wachache, kwa nusu dakika nilijivuna. Hata damu yake si ya kila mtu! Kisha nikaelewa alichosema, nikatafuta ukuta wa kushika.

Jana nikaenda mlangoni kwa Séraphine na lile kopo mkononi. Alikuwa anashona, hakugeuka. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti. Cherehani ilipofika mwisho wa pindo akakata uzi, akasema alivuka mpaka na mtoto mgongoni, na hata askari wa mpakani hawakumfanya ageuze mifuko, aliigeuza nyumbani kwangu mimi nikiangalia. Nikasema ni kweli. Akakunja kitambaa. Mwishowe akauliza picha imelalaje. Hapo nikalia kama mtoto. Akasema Jumatatu naye atakwenda kutoa damu, hata kama si ya kundi lile, maana hospitali hubadilishana, lakini nijue hafanyi kwa ajili yangu. Joska nimemwambia pia. Amekwenda mwenyewe kwa Séraphine na kuku. Sijui walizungumza nini, kuku nimemsikia bado anawika.

Kisha nikaingia kwa Babra, nikamimina kopo juu ya meza ya Obonyo. Hakushangaa hata kidogo. Alisema, Mama, nilikuwa nakuona. Siku nyingine nilikuwa nakusogezea.

Nikakaa kitandani. Akaanza kuvigeuza vile vipande uso juu, polepole, kimoja kimoja, na huku akivigeuza akaniambia kwamba Jumatano madaktari wakitoka kuniuliza yupi aokolewe, niseme mtoto. Okullo ameshaambiwa, eti alikataa kwa simu wakagombana. Baba yake hawezi kumwambia. Kwa hiyo ananiambia mimi, kwa sababu mimi najua kusema mambo kwa sauti. Alitabasamu aliposema hivyo. Dada, mtoto wangu anatabasamu huku ananiagiza nimwache.

Mama gani ana jibu la hilo? Yeye anaongea juu ya mtoto wake. Na mimi wangu je? Wangu ndiye huyu anayelala hapo na vipande mapajani.

Nimekaa na maneno yale tangu jana na nimeona jambo moja tu ninaloliweza. Damu ikiwepo ya kutosha, swali hilo halitaulizwa. Ndiyo barua yote hii, Dada. Mwanao Makokha alipogongwa na pikipiki Webuye walimtafutia damu wakakosa, mpaka wewe ukalala kitanda cha pili wakakutoa, kwa kuwa ni kundi moja, lile lile la wachache. Nakumbuka nilikuja na ndizi ukawa huwezi kushika hata kisu. Ni lile la Babra. Nimemwuliza daktari akasema Makokha akiwa mzima wa afya atafaa, na wewe watakupima waone kama umri unaruhusu. Na Wandera aje, na kati ya wakwe aje anayeweza, wasiofaa kwa kundi watatoa la kubadilishana. Damu lazima ipimwe kwanza, haiwezi kutoka kwa mtu leo ikaingia kwa mwingine leo, kwa hiyo Jumatano mkija mmechelewa.

Barua hii ataileta Nafuna, binti wa kina Simiyu, anasafiri kesho na basi la asubuhi. Ogwang atampigia shemeji na atauliza tu kama mmepata salamu zangu. Shemeji aseme ndiyo au hapana, asiseme kingine, Babra anasikia kupitia ukuta. Msilete nguo za mtoto, hata soksi moja. Njia nzima msimwambie mtu mnakwenda kufanya nini. Mkifika salimuni picha. Mimi nitakuwa nimepika, na mtaniona ninacheka, nawaomba mcheke pia.

Wasalimie wote wa boma, na wale walionisahau. Mwambie Makokha shangazi zake wanaweza kungoja, huyu mama yake mdogo hawezi. Okullo amepewa ruhusa, atafika Jumapili. Séraphine, Joska na Obonyo wamesema tutatoka hapa nyumbani pamoja kwenda hospitali, mguu mmoja. Tutawangojea nyote kwenye geti la hospitali, Dada, tusiingie bila nyinyi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na anayetetemeka,
Nakhisa, Mama Babra.

Siku ya kutoa damu ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Jumatatu, si Jumatano.